Kibendera cha Accra Chenye Jina la Burkina Faso

Kibendera kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari, juu ya rundo la jezi za mitumba, ndani kabisa ya soko la Owino, Kampala. Satini ya njano iliyopauka, matamvua mekundu pembeni, katikati korongo, ndege wa nembo ya Uganda, na chini yake maandishi ya Kiingereza yaliyosema kwamba Uganda ilishika nafasi ya pili katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Accra 1978. Kuizunguka picha ya korongo yalipangwa majina ya nchi nane zilizoshiriki. Moyo ulinienda mbio. Nimelelewa katika kambi ya jeshi, ambako baba zetu waliwataja Phillip Omondi na Jimmy Kirunda, wachezaji wa Uganda wa siku zile, kila jioni kama watu wa ukoo, na kwetu sisi mwaka 1978 hauhitaji maelezo.

"Hiki kimetoka Accra kwenyewe, ndugu yangu," muuzaji aliniambia. "Alikileta mzee mmoja, mwanajeshi. Sasa ni marehemu."

Nilisoma majina moja baada ya jingine. Ghana, Zambia, Nigeria, Tunisia, Morocco, Kongo, Uganda. La nane lilikuwa Burkina Faso.

Machi 1978 hapakuwa na nchi iliyoitwa hivyo. Iliitwa Upper Volta, na kwa jina hilo ndiyo iliyocheza kundi moja na Ghana, Zambia na Nigeria. Jina jipya lilikuja Agosti 1984, enzi ya Thomas Sankara. Maana yake aliyekichapa kitambaa kile alifanya kazi hiyo miaka sita, pengine ishirini, baada ya Ghana kutufunga 2-0 katika fainali.

Nilikinunua hata hivyo, kwa shilingi 15,000, na nimeulizwa mara nyingi kwa nini. Siwezi kujibu kabla hatujaelewana juu ya vibendera vyenyewe: vilitoka wapi, vya aina gani, vinasomwaje. Watu wanaoanza kuvikusanya hapa Kampala wanaongezeka, na wengi wanaumia mfukoni kwa sababu neno moja linabeba vitu vilivyozaliwa mbali mbali.

Koo mbili

Ukoo wa kwanza ni wa Marekani. Chimbuko lake liko baharini, kwenye bendera nyembamba iliyochongoka iliyopeperushwa mlingotini mwa meli za kivita. Wamarekani wa besiboli waliichukua ikawa alama ya ubingwa: timu iliyoongoza ligi ilipandisha bendera hiyo uwanjani kwake, na hadi leo kutwaa "pennant" kwao ni kutwaa ubingwa wa ligi. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya huko, kuelekea mwisho wa karne ya 19, wakaanza kupunga pembetatu za felti zenye jina la chuo chao. Karne ya 20 ilipoanza, wachuuzi walikuwa wakiziuza viwanjani kama tunavyouziwa vuvuzela kwenye uwanja wetu wa Namboole.

Vile vya mwanzo vilikatwa kwenye felti ya sufu, yaani sufu iliyoshindiliwa kwa maji moto na msuguano mpaka nyuzi zikang'ang'aniana bila kufumwa. Herufi nazo zilikatwa kwenye felti ya rangi nyingine, kisha zikashonwa. Baadaye rangi iliyochapwa kupitia skrini ilichukua nafasi ya sindano, na baadaye tena sufu ikaipisha nyuzi za viwandani. Kibendera cha kawaida cha ukoo huu kina urefu wa kama sentimita 76, kimelala ubavu, na upande mpana kimeshonewa ukanda wa felti wenye vishada.

Hivi huwa vinafika Uganda ndani ya marobota ya mitumba. Nilipata kimoja cha Montreal Expos, timu ya besiboli ya Canada, kwa shilingi 5,000. Mama aliyekuwa akikiuza alidhani ni pambo la chumba cha mtoto. Expos ilianza kucheza mwaka 1969, na baada ya msimu wa 2004 ikahamishiwa Washington na kubadilishwa jina. Kwa hiyo kabla hata ya kugusa kitambaa nilishajua umri wake hauwezi kutoka nje ya miaka hiyo. Timu za Marekani huhama miji, na kila kuhama kunaacha alama ya tarehe. Brooklyn Dodgers waliondoka Brooklyn baada ya msimu wa 1957. Seattle Pilots waliishi msimu mmoja tu, 1969, kwa hiyo mtu akikuonyesha kibendera chao cha "miaka ya hamsini," mshukuru na uondoke.

Sisi nasi tuna uzi mwembamba unaotuunganisha na ukoo huo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji wa miwa na kiwanda cha sukari, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka uliotangulia watoto wa Kampala walikuwa wamefuzu, wakakosa viza. Ukikutana na felti yoyote ya mashindano hayo yenye mwaka 2012, usiiache sokoni.

Ukoo wa pili ndio wetu hasa: kibendera cha kandanda. Hiki hutundikwa wima kwa kamba, ncha yake ikitazama chini, na mara nyingi ni cha satini chenye matamvua. Kazi yake ni ya adabu. Manahodha wanakutana katikati ya uwanja mbele ya mwamuzi, wanapeana mikono, na kila mmoja anamkabidhi mwenzake kibendera cha timu yake. Waitaliano hukiita gagliardetto, Wajerumani Wimpel. Wakusanyaji wa Ulaya wamekipa thamani kubwa kwa miaka mingi, kwa sababu jezi zilivaliwa na wachezaji kumi na mmoja, lakini kibendera cha mechi kilikuwa mkononi mwa nahodha peke yake.

Kibendera cha uwanjani hakijui matokeo

Ndani ya ukoo huu wa kandanda mimi hutenganisha vibendera vitatu, na kama msomaji atakumbuka jambo moja tu kutoka hapa, naomba liwe hili.

Kuna cha uwanjani, kilichotengenezwa kwa ajili ya mechi fulani. Hubeba majina ya timu zote mbili, tarehe, mara nyingi na jina la uwanja. Hutengenezwa kimoja, au na cha akiba. Kuna cha ofisini, ambacho klabu au shirikisho huwapa wageni: nembo na jina, bila tarehe ya mechi, na huenda vilitengenezwa mia moja vya sampuli hiyo hiyo. Halafu kuna cha sokoni, kilichochapwa kwa wingi kuuzwa kwa mashabiki. Kila kimoja kina heshima yake, lakini bei hazikaribiani, na muuzaji asiye mwaminifu hupandisha cha sokoni kiwe cha uwanjani kwa hadithi tu.

Hadithi hizo huvunjwa kwa kufikiri. Kibendera cha uwanjani hutengenezwa kabla ya mpira kuanza, kwa hiyo hakiwezi kujua nani atashinda. Kile changu cha Owino kilisema "nafasi ya pili." Hata kama majina ya nchi yangekuwa sahihi yote nane, sentensi hiyo peke yake ilitosha kuonyesha kwamba kilishonwa baada ya filimbi ya mwisho.

Kuna jambo zito zaidi, na lilinichukua miaka kulielewa. Kibendera cha uwanjani hupewa mpinzani. Kama nahodha wetu alikabidhi kibendera cha Uganda pale Accra, basi kilibaki Ghana. Kilichorudi Kampala kilikuwa cha Ghana. Simba, timu ya jeshi letu, ilipocheza fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 dhidi ya Hafia ya Conakry, chochote ilichokitoa kwa adabu kilibaki mikononi mwa Waguinea. SC Villa, klabu ya Kampala, walifika fainali hiyo hiyo mwaka 1991 dhidi ya Club Africain ya Tunis, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Shooting Stars ya Ibadan. Anayetafuta vibendera vya zamani vya Uganda akizunguka Kampala peke yake anafanana na mtu anayetafuta barua alizokwisha kuzituma. Barua zake ziko kwa waliozipokea. Nyumbani kwake ziko za wenzake.

Kwa hiyo mzee yeyote wa Bombo, Jinja au Mbale aliyekuwa mchezaji, mtunza vifaa au dereva wa basi la timu, usimwulize kama ana kibendera cha Uganda. Mwulize wageni waliacha nini.

Majina ni kalenda

Kitambaa kinaweza kuzeeshwa kwa chai na jua. Jina halizeeki kwa chai. Ndiyo maana mimi husoma maandishi kwanza, na kwetu hapa maandishi yana utajiri ambao Wamarekani wangetuonea wivu.

Anza na bendera ya taifa. Milia sita ya nyeusi, njano na nyekundu ilipandishwa 9 Oktoba 1962, kwa hiyo kibendera chenye milia hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya uhuru. Korongo peke yake hatoshi kuwa ushahidi, kwa sababu Waingereza walimtumia kama alama ya Uganda tangu enzi za gavana. Wengi huteleza hapo.

Kisha klabu. KCC (Kampala City Council) ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa idara ya majitaka ya halmashauri ya jiji, ndipo lilipotoka jina la utani Kasasiro, yaani takataka kwa Kiganda, jina ambalo mashabiki wake hulibeba kwa fahari. Herufi A ya mwisho, ile inayofanya KCCA, ilikuja baada ya Mamlaka ya Jiji (Kampala Capital City Authority) kuchukua nafasi ya halmashauri mwaka 2011. Kibendera cha KCCA kinachodai kusherehekea ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati wa mwaka 1978, ambao KCC iliutwaa kweli, kimechapwa si chini ya miaka thelathini baada ya sherehe. Villa nayo ilizaliwa mwaka 1975 ikiitwa Nakivubo Boys, ikapita jina la Nakivubo Villa, ndipo ikawa SC Villa. Sijawahi kushika kitu chenye maandishi ya Nakivubo Boys. Ningetembea hadi Arua kwa miguu kukiona.

Simba inataka uangalifu wa pekee. Simba yetu ilikuwa ya jeshi, na jina lake ni la Kiswahili kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ya jeshi Uganda tangu King's African Rifles. Sisi watoto wa kambini tunajua hilo kwa masikio yetu. Lakini Simba ya Dar es Salaam nayo ina mnyama yule yule kifuani, na jina hilo ililichukua mwaka 1971, kabla ya hapo ikiitwa Sunderland. Vibendera vya timu hizi mbili huchanganywa sokoni kila siku. Tazama mji ulioandikwa, tazama rangi: wekundu na weupe wa Msimbazi, mtaa wa Simba ya Dar, hauhitaji mkalimani.

Mashindano nayo yana majina yanayokufa na kuzaliwa. Kombe la Gossage, lililotolewa na watengenezaji wa sabuni wa Uingereza, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda peke yao. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Kikiwa na jina la Tanganyika, kitambaa kinataka kukuambia kwamba ni cha kabla ya Muungano wa 1964. Mashindano ya CECAFA, baraza la kandanda la Afrika Mashariki na Kati, yalianza hapa hapa Kampala mwaka 1973, na Uganda ikalitwaa kombe, kwa hiyo herufi za CECAFA juu ya kitu cha "miaka ya sitini" ni kosa la wazi.

Vilivyo adimu zaidi, kwa maoni yangu, ni vile vya timu na mashindano ambayo hayakuwa ya nchi moja, au ambayo watu wake walitawanyika. Mwaka 1975 katika Kombe la Dunia la kriketi ilicheza timu iliyoitwa East Africa, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Mbio za magari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikapita katika nchi zetu tatu, na mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Na mwaka 1972, wakati John Akii-Bua anakimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82 kule Munich na kutuletea dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, timu ya Uganda ya mpira wa magongo ilikuwa kwenye Olimpiki hiyo hiyo, na wengi wa wachezaji wake walikuwa wa asili ya Asia. Amri ya kuwafukuza Waasia ilikuwa imetangazwa Agosti ile ile. Chochote cha timu ile kilichobaki, kitambaa, picha au beji, huenda kiko Uingereza au Canada ndani ya sanduku la familia, na kinastahili kutafutwa kwa upole.

Uhaba hapa nyumbani una sababu zake. Aprili 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, Kampala iliporwa, na ofisi hazikubagua kati ya kiti na kumbukumbu. Timu nyingi zilikuwa za mashirika ya umma, mfano ile ya Uganda Commercial Bank. Shirika likiuzwa, kabati la vikombe hukosa mwenyewe. Uwanja wa zamani wa Nakivubo, hapa Kampala, ulibomolewa mwaka 2017 kabla ya kujengwa upya. Wapenzi wa mpira wanavunjika moyo wakisikia haya. Mimi nadhani yanaeleza tu kwa nini kilichobaki kiko majumbani, chini ya vitanda.

Mkono, moto na mwanga

Maandishi yakipita mtihani, ndipo kitambaa kihojiwe. Toa uzi mmoja uliolegea ndani ya pindo, usikate popote panapoonekana, uushike kwa kibano mbali na kibendera na uuguse moto. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Poliesta ilienea madukani kuanzia miaka ya 1950, kwa hiyo punje ngumu kwenye kitu cha Gossage cha miaka ya thelathini inamaliza mjadala.

Taa ya miali ya zambarau, ile wanayokagulia noti wabadilisha fedha, nayo husaidia. Vitambaa na nyuzi vya kisasa hutiwa dawa ya kung'arisha weupe, na dawa hiyo humeremeta buluu chini ya taa. Hapa tahadhari: sabuni ya unga ya leo ina dawa hiyo hiyo. Kibendera cha kweli kilichofuliwa mwaka jana na binti wa nyumbani kitameremeta kama kipya. Kutomeremeta kuna uzito kuliko kumeremeta.

Tazama pia upande wa nyuma. Jua halifiki ndani ya mkunjo wa pindo, kwa hiyo rangi ya pale inapaswa kuwa kali kuliko ya mbele. Kitambaa kilichopauka sawasawa kote, hadi ndani ya mshono, kimepaushwa kabla ya kushonwa. Mafundi wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, wana ustadi mkubwa. Ukiwapelekea picha asubuhi, jioni una satini yenye korongo. Kazi yao ni halali kabisa, na klabu nyingi zinaishi kwa kazi hiyo. Ubaya huingia pale mtu wa tatu anapoongeza hadithi.

Kwa hiyo kile cha Burkina Faso ni cha bandia? Aliyekitengeneza hakuficha kitu. Aliandika jina la nchi kama alivyolijua yeye, kwa ajili ya watu wa wakati wake, pengine katika kuadhimisha miaka kadhaa ya Accra. Ni kumbukumbu iliyotengenezwa baadaye. Uongo ulikuwa kwenye maneno ya muuzaji, na sijui hata kama yeye mwenyewe alijua. Kwangu kina thamani: kinaonyesha kwamba miaka mingi baadaye kulikuwa na mtu nchini aliyeona 1978 inastahili satini na matamvua.

Kukitunza ni kazi rahisi kuliko kukipata, ila kuna jambo moja nalisema kwa uchungu. Usikipitishe kwenye leminesheni. Tumezoea kufanya hivyo kwa vyeti, na plastiki ile iliyogandishwa kwa joto haiondoki tena. Kitambaa kinakuwa kimekufa ndani ya kioo. Vile vile usikifue. Doa la tope la uwanjani ni sehemu ya ushahidi. Kilaze juu ya kitambaa cha amerikani kilichosuuzwa kwa maji matupu, kikunjie ndani, kiweke mahali pakavu mbali na dirisha na mbali na sakafu, kwa sababu ya unyevu wa ziwa na kwa sababu ya mchwa. Felti ya sufu huliwa na viwavi vya nondo: ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke kwenye friza wiki mbili, na ikitoka isubiri irudi kwenye joto la chumba kabla hujafungua mfuko, ili umande usitue juu yake. Satini ya poliesta nondo hawaitaki, lakini mwanga wa jua huimaliza rangi, na rangi iliyoondoka hairudi.

Na kila kibendera kiwe na karatasi yake: kilipatikana wapi, lini, kwa nani, kwa bei gani, na muuzaji alisema nini. Andika maneno ya muuzaji hata kama huyaamini.

Mwaka jana nilikwenda Bombo kumsalimia mzee mmoja Mnubi, rafiki wa marehemu baba. Baada ya chai nilimwuliza lile swali la wageni. Alicheka, akanyanyua redio yake ya zamani, na chini yake palikuwa na kitambaa cha kijani na njano, matamvua yamebaki upande mmoja.

"Hicho tulipewa na Yanga," alisema. "Chetu walibaki nacho Dar."

Nilimwambia sitaki kukinunua, namwomba tu akitoe chini ya redio. Alinikatalia kwanza, kisha nilipomletea kipande cha amerikani akakubali, akakilaza mwenyewe kwa mikono miwili na kukifungia kwenye sanduku la bati alilopewa akistaafu. Aliniruhusu kukipima. Sentimita 38 kutoka juu hadi ncha. Hakina tarehe wala jina la mpinzani, kwa hiyo ni cha ofisini, na karatasi yake nimeandika hivyo. Lakini mgongoni, kwa wino uliosambaa, mtu aliandika neno moja, Nakivubo, na mzee anasema mwandiko ule anaujua, ila jina la mwenyewe linamtoka kila anapokaribia kulikamata. Nimemwachia namba yangu ya simu.